Mwongozo kamili wa Valencia: Fallas, mji mkongwe na safari za siku moja

Wageni wengi wanaokuja Valencia wanafanya kitu kilekile, wanaamka saa nne, saa sita na nusu wanatafuta chakula cha mchana wanakuta jikoni bado hapajafunguliwa, saa kumi na moja njaa inarudi na jikoni pameshafungwa, halafu wanaondoka wanasema mji umepooza. Haujapooza. Ni mji wenye saa zake, kila jambo zuri lina muda wake na ukiukosa umepita, ndo maana huu mwongozo nimeupanga kwa kufuata saa zaidi kuliko majengo. Saa nilizoandika ni za kwetu za Kiswahili, saa nane mchana ndo ile tiketi itakuandikia 14:00, kwa hiyo ukibuku treni kuwa makini na hilo.

Hatua ya 1: chagua mwezi kabla ya kununua tiketi

Valencia ni mji wa tatu kwa ukubwa Hispania, baada ya Madrid na Barcelona, una watu kama laki nane na uko pwani ya mashariki kwenye bahari ya Mediterania. Kilele cha mwaka ni sikukuu ya Fallas, ile ya sanamu kubwa zinazojengwa mitaani kisha kuchomwa moto, kuanzia tarehe 1 hadi 19 Machi, na siku zenyewe hasa ni 15 hadi 19. Ukitaka hizo siku tano, chumba kitafute miezi mingi kabla maana bei zinapanda sana na vya katikati ya mji vinaisha mapema.

Lakini kama unasafiri na mtoto mchanga, au una mtu wa pumu au presha, kwa moyo mmoja nakwambia Fallas acha, njoo Mei au Oktoba. Baruti zinalia mchana na usiku, barabarani hadi dirishani kwako, na moshi ni mwingi. Agosti nayo mimi siipendekezi, joto lina unyevu kama wa Dar mwezi wa pili na migahawa mingi mizuri imefunga kwa likizo. Na ukija Machi beba sweta na jaketi, mchana ni kama nyuzi 18 au 20 hivi ila usiku baridi inauma.

Hatua ya 2: viza, kufika na kulala

Kwa pasi ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo unahitaji viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya. Ada ya mtu mzima ni euro 90, maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na mwisho siku 15 kabla, ila ukisubiri hizo siku 15 unajitafutia presha ya bure, peleka mapema. Bima ya safari lazima iwe na kinga ya angalau euro 30,000, na pasi iwe na uhai wa miezi 3 zaidi baada ya siku ya kutoka Ulaya. Jamaa wanaoishi Ujerumani, Uholanzi au Ufaransa kwa kibali cha ukaazi hawahitaji viza nyingine, waje tu na pasi na kadi ya ukaazi.

Kutoka kwetu unaweza kuunganisha Istanbul ukashukia Valencia moja kwa moja, au ushukie Madrid halafu upande treni ya kasi, ni kama saa mbili tu hadi stesheni ya Joaquín Sorolla. Uwanja wa ndege wa Valencia upo Manises, nje kidogo ya mji, na metro laini ya 3 na ya 5 zinaingia katikati kwa kama nusu saa, teksi sio lazima.

Kulala, ushauri wangu ni huu: siku za kawaida kaa Ruzafa au mji mkongwe. Siku za Fallas kaa mbali kidogo ila karibu na kituo cha metro au tramu, mfano Benimaclet au kule Cabanyal karibu na bahari, maana katikati hutalala, na barabara nyingi zinafungwa kwa magari kwa hiyo basi na teksi zinakua hazina msaada.

Hatua ya 3: mji mkongwe, na ukiweza iwe Alhamisi

Anza saa tatu asubuhi Mercado Central, soko kuu lililofunguliwa 1928, lina kuba la vioo na chuma na vigae vya rangi, na sio soko la maonyesho, akina mama wa mtaani bado wananunua samaki wao pale. Linafunga kama saa tisa mchana na Jumapili halifunguliwi. Nunua machungwa, lozi, zafarani kidogo ya kupeleka nyumbani (ya Hispania, soma lebo vizuri).

Vuka barabara tu uingie La Lonja de la Seda, nyumba ya wafanyabiashara wa hariri iliyoanza kujengwa 1482, UNESCO wakaiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 1996. Ukumbi wake una nguzo ndefu zilizosokotwa kama kamba hadi juu darini, na juu ukutani kuna maandishi ya Kilatini yanayomsifu mfanyabiashara asiyedanganya wala kula riba. Kaa pale ndani hata nusu saa. Kiingilio ni kidogo sana na Jumapili ni bure.

Saa nne na nusu kula wanachokiita almuerzo, na hapa mji ndo unaamka kweli. Ni mkate mrefu uliojazwa vitu, unaletewa na zeituni na karanga, wazee na mafundi wanakaa wanapiga soga. Kama huli nguruwe sema "sin cerdo" mapema, kisha omba wa tortilla ya viazi (kimanda cha mayai na viazi) au wa tuna.

Sasa, Alhamisi saa sita kasorobo uwe umeshasimama mbele ya mlango wa Mitume wa kanisa kuu, Plaza de la Virgen. Saa sita kamili inakaa Mahakama ya Maji, Tribunal de las Aguas, wakulima wanane waliovaa kanzu nyeusi, kila mmoja anawakilisha mfereji mmoja wa umwagiliaji. Mifereji yenyewe ina mizizi kwenye zama za Waislamu waliotawala hapa hadi 1238. Mfereji unaitwa kwa jina, mwenye mashitaka anaongea, anasikilizwa, hukumu inatoka palepale kwa mdomo kwa Kivalensia, lugha ya hapa, hakuna mawakili wala mafaili. Mtu aliyekulia Kilimanjaro akaona wazee wakigawana maji ya mfongo, ule mfereji wa Wachaga, ataelewa haraka kuliko mtalii yeyote wa Ulaya, jambo ni lilelile, maji ni machache na jirani lazima mheshimiane. Wiki nyingi hakuna kesi na yote yanaisha kwa dakika chache, ukifika saa sita na robo unakuta watu wanatawanyika. UNESCO wameitambua tangu 2009.

Baada ya hapo panda mnara wa Miguelete kama magoti yanaruhusu, ngazi 207 za kuzunguka, juu unaona paa zote hadi bahari. Kisha kanisa la San Nicolás kwa ajili ya michoro ya darini, na jioni malango mawili ya ukuta wa zamani, Serranos ambalo unalipanda ukaona bustani ya mto, na Quart ambalo ukutani bado lina mashimo ya mizinga ya jeshi la Napoleon mwaka 1808.

Hatua ya 4: mto usio na maji

Bustani ya Turia ni mto uliohamishwa. Tarehe 14 Oktoba 1957 mto ulifurika ukaua watu wengi, serikali ikachimba mkondo mpya kusini mwa mji, na mkondo wa zamani ukabaki mkavu katikati ya mitaa. Kulikua na mpango wa kupitisha barabara kuu humo, wananchi wakapinga wakidai iwe kijani, na leo ni bustani ya kama kilomita 9 ya michungwa, viwanja vya mpira na njia za baiskeli. Kodi baiskeli asubuhi, anza juu upande wa magharibi ushuke taratibu hadi Ciudad de las Artes y las Ciencias, yale majengo meupe ya msanifu Santiago Calatrava. Kuzunguka nje ni bure na nje ndo pazuri zaidi, hasa jioni taa zikiwaka juu ya maji. Ndani, kama una watoto lipia Oceanogràfic tu, ndo akwariamu kubwa kuliko zote Ulaya. Bustani ya wanyama ya Bioparc ina sehemu kubwa ya wanyama wa Afrika, mtu wa kwetu hana haja.

Ukiwa hapo ujue pia kwamba tarehe 29 Oktoba 2024 mafuriko mengine yaliua watu zaidi ya 220 mkoani humu. Ule mkondo mpya uliukinga mji wenyewe, lakini miji jirani ya kusini kama Paiporta na Catarroja iliumia vibaya mno. Watu bado wana majonzi, karibu kila mtu ana ndugu au rafiki kule, usiwaulize kama unauliza habari za mpira.

Hatua ya 5: kula kwa saa zao

Chakula cha mchana ni kuanzia saa nane hadi saa tisa na nusu, cha usiku kuanzia saa tatu. Paella, wali wa hapa wa kwenye sufuria pana, ni ya mchana, mtu wa hapa hali paella usiku. Ya asili ya Valencia ina kuku, sungura, maharage mabichi marefu, maharage meupe mapana yanaitwa garrofó, nyanya, zafarani, mara nyingine konokono na tawi la rosmari, samaki hamna kabisa. Mchele unatandazwa tabaka jembamba sufuriani na chini unabaki ukoko, na ukoko ndo unagombaniwa, usiuache. Inapikwa kuanzia watu wawili, inachukua si chini ya nusu saa, kwa hiyo mgahawa unaokuletea baada ya dakika tano umepasha moto. Ukiona picha za paella kumi kwenye ubao nje ya mlango, pita.

Muislamu achague ya vyakula vya baharini au ya mboga, na aulize supu ya kupikia ni ya nini. Angalizo lingine kwa asiyekunywa pombe: "agua de Valencia" ina rangi ya juisi ya machungwa ila ndani kuna mvinyo wa povu, jini na vodka. Wewe agiza horchata, inatengenezwa kwa viazi vidogo vya chufa, mmea wa jamii moja na ndago zile zinazosumbua mashambani kwetu, baridi na tamu, unachovya mkate laini unaitwa fartón. Nzuri kabisa ipo Alboraya, mji wa jirani unaofikika kwa metro, mashamba yenyewe ya chufa yako pale.

Hatua ya 6: Fallas, siku baada ya siku

Hii ndo sababu ya mimi kuandika yote haya. Kila mtaa una kamati yake, kamati ni mamia, wanachanga hela mwaka mzima wanajenga sanamu kubwa za kejeli, wanasiasa, mastaa, tabia za watu, nyingine ndefu kuliko ghorofa tano, zile za daraja la juu zinagharimu zaidi ya euro laki moja. Halafu usiku wa tarehe 19, siku ya Mtakatifu Yosefu mlezi wa maseremala, wanazichoma zote. Simulizi ya wenyeji inasema maseremala wa zamani walikua wanachoma mbao mbovu na vishikilia taa walivyotumia msimu wa baridi, pale majira ya kuchipua yakiingia. UNESCO waliiweka kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2016.

Kabla ya yote nenda Museo Fallero karibu na Ciudad de las Artes. Tangu 1934 kila mwaka watu wanapiga kura sanamu moja ndogo isamehewe moto, na zilizosamehewa ziko humo. Ukiziona hizo kwanza utaelewa kiasi gani cha kazi ya mikono kinaenda motoni.

Kila siku kuanzia tarehe 1, saa nane kamili mchana, Plaza del Ayuntamiento wanapiga mascletà. Sio fataki za kutazama, ni mchana kweupe, ni za kusikia: zinaanza taratibu, zinapanda kwa mdundo, dakika za mwisho ardhi inatetemeka na kifua chako kinatetemeka nayo, halafu kimya na watu laki wanapiga makofi wengine wanalia. Tarehe za mwanzo fika saa saba, tarehe 15 na kuendelea fika saa sita au usifike. Usizibe masikio kwa vidole, wenyeji wanakwambia acha mdomo wazi, ila mtoto avalishwe vikinga masikio na kigari cha mtoto kibaki hotelini. Kama muda wako au hela ni kidogo, njoo wiki ya kwanza ya Machi, vyumba bado nafuu, mascletà unaipata ileile, sanamu tu ndo hazijasimama.

Usiku wa 15 sanamu zinasimamishwa, kwa hiyo tarehe 16 ndo siku ya kutembea mitaani kuziangalia zote zikiwa mpya. Mchana pita mji mkongwe uone sanamu ya Plaza del Pilar na ile ya Na Jordana, ya Convento Jerusalén ipo karibu na stesheni ya Nord, usiku uende Ruzafa kwa ajili ya mitaa yenye taa. Maandishi ya kejeli yako kwa Kivalensia, tumia apu ya tafsiri, ndo utamu wenyewe. Njiani kula buñuelos za boga, zinakaangwa mbele yako kama kalimati, pamoja na chokoleti nzito ya moto. Saa mbili asubuhi utaamshwa na bendi na mabomu ya karatasi chini ya dirisha, huo ni utaratibu, wanaita despertà, usigombe na mtu.

Tarehe 17 na 18, kuanzia mchana hadi usiku wa manane, ni Ofrenda. Maelfu ya wanawake na wasichana kwa magauni ya hariri, kila mtaa na bendi yake, wanampelekea maua Bikira Maria wa Desamparados na maua hayo yanapangwa kuwa joho kwenye sanamu yake kubwa ya mbao. Wanakuja wamechangamka wanapiga hatua na muziki, wakikunja kona kuingia uwanjani wanamuona, machozi yanawatoka, wazee kwa watoto. Simama Calle de la Paz au San Vicente, karibu kadiri utakavyoweza na Plaza de la Virgen, na usikatize mstari wao kwa ajili ya picha. Asubuhi ya 19 mapema rudi uwanjani, watu wachache, harufu ya maua imejaa hadi kanisani. Usiku wa 18 kuna Nit del Foc, fataki kubwa kuliko zote, ziangalie ukiwa kwenye bustani ya Turia.

Tarehe 19 ni Cremà. Sanamu za watoto zinachomwa kama saa mbili usiku, kubwa kuanzia saa nne, ya manispaa mwisho kabisa, saa kamili ziangalie kwenye ratiba ya mwaka huo. Chagua sanamu moja ya mtaa mdogo, sio ya manispaa ambako utaona migongo ya watu tu. Fika saa moja kabla, tafuta upepo unatoka wapi usimame upande unaotoka maana moshi wa sasa ni mweusi mzito, vaa nguo za pamba na viatu vya kufunika, nailoni na cheche haviendani. Wazima moto wanalowesha kuta za majumba, bendi inapiga, na binti aliyekua malkia wa mtaa mwaka huo anawasha fataki huku analia. Kamati nyingi siku chache mbele zinaanza kufikiria ya mwakani. Tarehe 20 asubuhi mitaa imefagiwa safi, treni zote zimejaa, kiti chako kiwe kimeshabukiwa tangu zamani.

Hatua ya 7: kutoka nje ya mji

Ukiwa na siku moja tu iwe Albufera, ziwa na mashamba ya mpunga kama kilomita 10 kusini, hifadhi tangu 1986. Panda basi la mji namba 24 hadi kijiji cha El Palmar, ukale mchana huko ambako mpunga unalimwa, au ujaribu all i pebre, mchuzi wa mikunga (samaki warefu kama nyoka) na pilipili nyekundu. Halafu subiri jua, usirudi mapema. Boti za mbao zinakuzungusha kwa euro chache na jua likizama maji yote yanakua ya dhahabu. Kwetu jua linazama saa kumi na mbili na kitu mwaka mzima, huku Machi ni kama saa moja na Juni ni saa tatu na nusu usiku, kwa hiyo angalia muda wa siku hiyo kisha angalia basi la mwisho. Mpunga unapandwa Mei, Julai ni kijani tupu, Septemba wanavuna, na katikati ya baridi mashamba yanajazwa maji yanakua kama kioo.

Sagunto ni nusu saa kwa treni kaskazini, kuna ngome ndefu juu ya kilima na uwanja wa maonyesho wa Warumi. Mwaka 219 kabla ya Kristo Hannibal, jemadari wa Carthage ya Afrika Kaskazini, aliuzingira huu mji, na ndo chanzo cha vita vyake na Roma. Nusu siku inatosha.

Xàtiva, kama saa moja kwa treni, mimi naipenda zaidi. Ngome yake ni ya kupanda kwa jasho, na chini kwenye jumba la makumbusho picha ya mfalme Felipe V imetundikwa kichwa chini miguu juu, kwa sababu aliuchoma mji mwaka 1707. Zaidi ya miaka 300 na bado hawajamgeuza. Epuka Jumatatu, ngome inafungwa.

Hatua ya 8: ukikosa Machi

La Tomatina, vita vya nyanya, inafanyika mji wa Buñol, kama kilomita 40 kutoka Valencia, Jumatano ya mwisho ya Agosti. Ni saa moja tu ya kurushiana na lazima ununue tiketi kabla. Mimi ningechagua Vita vya Maua, Jumapili ya mwisho ya Julai barabara ya Alameda, vinafanyika tangu 1891, mabinti kwenye magari ya farasi wanarushiwa maua na kuyakinga kwa raketi za tenisi. Usiku wa 23 Juni ni mioto ufukweni Malvarrosa, na 9 Oktoba wanakumbuka mwaka 1238 mfalme Jaume I alipoingia mjini, kuna gwaride la Wamori (Waislamu wa zamani wa hapa) na Wakristo na maduka yanauza matunda madogo ya lozi yaliyofungwa kwenye kitambaa cha hariri.

Halafu kuna Jumapili ya kwanza ya Desemba, marathoni. Hapa ndipo Kelvin Kiptum wa Kenya alikimbia marathoni yake ya kwanza mwaka 2022 akashinda kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 53, na nyuma yake wa pili akaingia Gabriel Geay wetu wa Tanzania kwa 2:03:00, rekodi ya taifa. Kiptum mwaka uliofuata akavunja rekodi ya dunia Chicago, na Februari 2024 ajali ya gari ikamchukua. Mstari wa mwisho umejengwa juu ya maji, kati ya yale majengo meupe ya Calatrava. Mbio zinaanza asubuhi na mapema, wa mbele wanamaliza kama saa mbili baada ya kuanza, kwa hiyo fika mapema usimame mita mia chache kabla ya kumaliza, ambako hakuna majukwaa ya wageni rasmi, na bendera yako uwe nayo mkononi, maana ukipiga kelele kwa Kiswahili mkimbiaji anageuka.